Maswali ya Wasomaji: Madokezo Yanayoungana

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza ninavyotunza yale ninayoyasoma, nami nikamjibu kwa sentensi mbili tu: kwamba niliacha kuyapanga madokezo yangu katika folda, na kwamba siku hizi kila dokezo ni ukurasa mmoja wa tovuti yangu ndogo, uliounganishwa kwa viungo na kurasa nyingine. Sentensi hizo mbili zimeniletea barua nyingi kuliko makala ambazo nimewahi kuzitolea jasho. Nimechagua barua sita. Baadhi nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaondoa kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika madokezo ya kila kitabu ninachokisoma, kwa kuwa wazee walituasa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Madokezo yote yamo ndani ya kompyuta, katika folda zenye majina ya masomo, na ndani ya folda hizo mna folda nyingine. Hata hivyo mali yangu inapotea na daftari lipo: najua kwa hakika kwamba jambo fulani niliwahi kuliandika, lakini sijui nililiweka wapi. Je, viungo vinatatua jambo gani ambalo folda zilizopangwa vizuri haziwezi kulitatua? Na hiyo inayoitwa haipateksti ni kitu gani hasa?

JIBU: Ndugu Mwalimu, kosa si lako, na sidhani kwamba folda zako zimepangwa vibaya. Tatizo ni kwamba folda humlazimisha mwenye dokezo kulichagulia mahali pamoja tu pa kukaa, ilhali jambo lolote lenye uzito huwa na jamaa katika nyumba nyingi.

Nitakupa mfano ambao mimi mwenyewe ulinishinda. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, na baadaye mtafiti Tu Youyou akakabidhiwa kazi ya kupekua tiba za jadi. Dondoo za mmea wa artemisia zilionyesha matumaini katika jaribio moja na kushindwa katika jingine, mpaka aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeagiza kwamba mmea huo ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu aliona kwamba katika maagizo hayo hakuna kuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaacha maji yanayochemka na kutumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi za selsiasi, na mwaka 1971 akapata dondoo iliyofanya kazi kikamilifu kwa wanyama wa majaribio. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Sasa niambie, dokezo hili utaliweka katika folda ipi? Ukiliweka katika Historia, siku utakapofundisha namna joto linavyovunja molekuli hutalikumbuka. Ukiliweka katika Kemia, Ge Hong atakuwa amezikwa mara ya pili. Ukiamua kulinakili katika folda zote zinazohusika, utakuwa na madokezo manne, na siku utakaposahihisha kosa utalisahihisha katika nakala moja huku tatu zikiendelea kusema uongo. Kiungo kinakuondolea uamuzi huo. Dokezo linakaa mara moja tu, na kurasa za etha, za tiba za kale, za malaria na za historia ya China zote zinaelekeza kwake, kila mmoja kwa sababu yake.

Hapo ndipo ilipo haipateksti: ni matini ambayo ndani yake mna maneno yanayompeleka msomaji kwenye matini nyingine mara anapoyabofya. Neno hilo lilitungwa na Mmarekani Ted Nelson na likaonekana katika maandishi yake ya mwaka 1965, lakini wazo ni kongwe kuliko jina. Mnamo Julai 1945, Vannevar Bush, aliyeongoza utafiti wa kisayansi wa Marekani wakati wa vita, alichapisha katika jarida la The Atlantic makala iliyoeleza mashine ya kufikirika aliyoiita memex. Ilikuwa meza yenye vitabu na barua zilizopigwa picha katika filamu ndogo, na mwenye meza angeweza kuufunga ukurasa mmoja na mwingine hadi akapata njia nzima ya kuifuata tena baada ya miaka. Mfano alioutoa ni wa mtu anayetaka kujua kwa nini upinde mfupi wa Waturuki ulionekana kuushinda upinde mrefu wa Waingereza katika mapigano ya Vita vya Msalaba: anaanza na historia, kisha anachepuka kuingia katika vitabu vya unyumbukaji wa vitu na majedwali ya fizikia. Mashine yenyewe haikuundwa kamwe, lakini nadhani umeona kwamba upinde wa Bush na mmea wa Tu Youyou vinaleta shida ile ile.

Aliyelieleza tatizo lako karibu neno kwa neno ni Tim Berners-Lee, alipowaandikia wakubwa wake wa kituo cha utafiti cha CERN pendekezo lake la Machi 1989. Alisema kwamba watu wengi hukaa kituoni miaka miwili hivi, kisha huondoka, na habari walizokuwa nazo hupotea. Tena akaeleza kwamba mpangilio wa mti, wenye shina, matawi na vitawi, haulingani na namna mambo yanavyohusiana katika dunia halisi. Mpangilio wa mti ndio mpangilio wa folda zako. Wavuti huu unaotumiwa leo kwa biashara na mabishano ulianza kama dawa ya ugonjwa unaoniandikia.

Kuhusu miaka kumi na moja ya madokezo, nakuomba usijaribu kuyahamisha yote kwa mkupuo, kwa maana utachoka kabla ya kufika herufi D. Yaache katika folda yalikolala, na kila unapolihitaji dokezo moja na ukafanikiwa kulipata, lifanye ukurasa, liandike upya kwa sentensi zako za leo, na uliunganishe na kurasa mbili au tatu zilizokwisha kuhamishwa. Yale ambayo hutayahitaji kwa miaka mitano mingine, huenda hayakustahili kuhamishwa.

SWALI: Mimi si mtaalamu wa kompyuta, na nimechoka kuhamishwa kutoka programu moja ya madokezo kwenda nyingine. Nitumie ipi?

JIBU: Tumia yoyote, kwa sharti moja: madokezo yako yawe mafaili ya maandishi ya kawaida yaliyomo katika mashine yako, ambayo ungeweza kuyafungua hata kama programu hiyo ingetoweka usiku wa leo. Nasema hivi kwa uchungu. Kuna programu niliyoitumia kwa miaka minne, ambayo sitaitaja, iliyokuja kufungwa na wenyewe kwa tangazo la wiki chache. Niliruhusiwa kuchukua madokezo yangu, nikayachukua, na maandishi yote yalifika salama. Viungo vyote vilikuwa vimegeuka kuwa namba zisizoelekea popote. Nilichopoteza ndicho nilichokuwa nimekifanyia kazi zaidi, kwa sababu maneno mengi ningeweza kuyasoma tena vitabuni, lakini uhusiano kati ya dokezo na dokezo ulikuwa umo kichwani mwangu na ndani ya programu ile tu.

Ukurasa wa HTML, yaani lugha ya alama inayotumiwa kuandika kurasa za wavuti, haukutii hofu ya namna hiyo. Ni faili la maandishi, na kiungo chake hutengenezwa kwa alama ya herufi moja, a, inayobeba neno href na jina la faili unaloelekea. Mtu anaweza kujifunza hilo kabla ya adhuhuri. Akiona alama zinamchosha, ipo namna nyepesi ya uandishi iitwayo Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, ambamo maneno ya kiungo huwekwa katika mabano ya mraba na anwani katika mabano ya kawaida, kisha programu ndogo huyageuza kuwa HTML. Wengine hupendelea wiki, na hapa wiki si siku saba: ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, ambalo Ward Cunningham aliliazima mwaka 1995 kwa tovuti ambayo kila ukurasa wake ungeweza kuhaririwa palepale unaposomwa. Kivinjari cha kwanza kabisa cha Berners-Lee, cha mwaka 1990, nacho kilikuwa cha kusomea na kuandikia kwa pamoja. Vivinjari vilivyopata umaarufu baadaye vilibaki kuwa vya kusomea tu, na mimi huhesabu hilo kuwa hasara ambayo hatujamaliza kuilipa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi niliyafanya haya kabla yako. Nina kurasa zaidi ya mia nne, na kila neno lenye maana nimelifanya kiungo. Mwanzoni nilifurahi sana. Sasa nikifungua ukurasa wowote nahisi nimeingia msituni bila panga: kila kitu kinaelekea kila mahali, na sijifunzi chochote. Nimekosea wapi?

JIBU: Nakushukuru kwa barua hii, maana wanaosifia viungo hawaisemi habari ya upande huu.

Kiswahili kimetupa neno zuri. Kiwiko ni kiungo, na goti ni kiungo. Navyo ni viungo kwa sababu vinaunganisha mifupa mahususi na kuamua mkono au mguu upinde kuelekea upande upi. Mkono wenye kiungo katika kila upana wa kidole usingeweza kushika kalamu. Wewe umeunganisha maneno, na maneno huungana yenyewe bila msaada wako, kwa kuwa neno joto limo katika kurasa zako mia na kompyuta inaweza kukuletea zote mia kwa kufumba na kufumbua. Unachopaswa kuunganisha ni madai.

Tazama ukurasa wangu wa artemisinini, ile dawa ya malaria aliyoitafuta Tu Youyou, ulivyokuwa zamani. Chini yake niliandika: "Tazama pia: etha, joto, Ge Hong, malaria." Viungo vinne, na baada ya miezi sita sikujua hata kimoja kati ya hivyo niliweka kwa nini. Sasa mahali hapo pana sentensi hii: "Tu aliiacha njia ya kuchemsha akatumia etha, inayochemka kwenye joto dogo, kwa sababu moto huiharibu dawa hii, kinyume cha kwinini, ambayo huvumilia kuchemshwa." Maneno mawili tu ndiyo viungo, etha na kwinini, na msomaji anayevibofya anajua anakwenda kutafuta nini. Mimi mwenyewe, nilipojilazimisha kuandika neno kinyume, ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na ukurasa wa kwinini na kwamba sikuwahi kujiuliza kwa nini gome la mti mmoja linastahimili jikoni na majani ya mmea mwingine hayastahimili. Wiki nzima iliyofuata niliitumia kulisoma swali hilo. Orodha ya "tazama pia" isingenipa kazi hiyo, kwa kuwa haidai chochote na kwa hiyo haiwezi hata kukosea.

Kwa hiyo rudi kwenye kurasa zako, si zote, bali zile unazozifungua mara kwa mara, na kwa kila kiungo jiulize: mtu akikibofya, atarudi akiwa na nini ambacho sentensi hii ilikihitaji? Penye jibu, liandike jibu hilo kwenye sentensi yenyewe, kwa maneno kama kwa sababu, kinyume cha, mfano wa, hupingwa na. Pasipo na jibu, ondoa kiungo. Nilipofanya hivyo katika tovuti yangu niliondoa zaidi ya nusu ya viungo, na sijakumbuka hata kimoja kwa majonzi.

Kuna aliyetufundisha haya kwa karatasi. Mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha masanduku yenye kadi zipatazo 90,000, ambazo leo zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Bielefeld. Hakuzipanga kwa mada. Kila kadi ilikuwa na namba yake isiyobadilika, na wazo likichipuka kutoka kadi ya 57/12, lilipewa namba 57/12a na kuwekwa nyuma yake, hata kama 57/13 ilikwisha kuandikwa zamani. Alipotaka kuelekeza kwenye kadi ya sanduku jingine, aliandika namba yake ndani ya maandishi. Jambo linalokuhusu zaidi ni faharasa yake: hakuorodhesha kila kadi inayotaja neno fulani, bali alitaja kadi chache tu za kuingilia, moja au mbili au tatu, akiamini kwamba kutoka hapo viungo vitampeleka kwingine. Kila kiungo kilimgharimu kuinuka, kuvuta droo na kuandika namba kwa mkono. Nadhani gharama hiyo ndiyo iliyomwepusha na msitu wako, nasi tuliopewa viungo vya bure tunapaswa kujitafutia gharama nyingine, nami sijapata iliyo bora kuliko kulazimika kuandika sababu.

Tengeneza basi kurasa chache za lango, labda kumi kwa hizo mia nne, kila moja ikiwa maelezo mafupi ya jambo unalolifuatilia kwa sasa, yenye viungo vya kuingilia. Ziandike kwa aya, usiziandike kwa orodha. Lango la miaka mitatu iliyopita ambalo hupiti tena linaweza kubaki kama lilivyo. Si lazima kila njia ifyekwe kila mwaka.

SWALI: Kwa nini nihangaike na viungo wakati injini za kutafutia zipo, na sasa kuna programu za akili unde zinazojibu kila swali?

JIBU: Injini ya kutafutia inakuletea unachokitaja. Tu Youyou asingeweza kutafuta "kutochemsha", kwa sababu maandishi ya Ge Hong hayana neno hilo. Alichokiona ni kutokuwapo kwa moto, na alikiona kwa kuwa alikuwa na majaribio yaliyoshindwa mbele yake na maandishi ya kale pembeni. Programu za akili unde nazitumia, hasa ninapotaka kujua jambo linaitwaje kabla ya kwenda kulisoma mahali penye chanzo, ingawa huweza kukosea kwa sauti ya kujiamini. Lakini jibu nililopewa nikalisoma bila kuliandika kwa maneno yangu hunitoka kabla ya jua kuchwa, na sidhani kwamba mimi ni wa pekee katika hilo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Nimeanza kuandika kurasa zangu, lakini naogopa kuziweka hadharani kwa sababu hazijakamilika na zina makosa. Je, nisubiri mpaka niwe na ujuzi wa kutosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukisubiri ukamilike, tovuti yako itafunguliwa na wajukuu wako.

Wapo wanaoziita tovuti za namna hii bustani, na mfano huo unafaa kwa jambo moja: mtu anayeingia bustanini hashangai kuona mche kando ya mti mkubwa, mradi mwenye bustani hauuzi mche kwa bei ya mti. Juu ya kila ukurasa weka tarehe mbili, ya kuuanza na ya kuugusa mara ya mwisho, pamoja na neno moja la kueleza hali yake. Mimi hutumia "rasimu", "unaendelea" na "nimeuhakiki". Katika maandishi yenyewe, tenganisha wazi uliyoyasoma, ukitaja uliyasoma wapi, na unayoyafikiri wewe. Mwanafunzi anayeandika "hapa sijaelewa kwa nini" hachekwi na mtu mwenye akili, na mara nyingi ndiye anayejibiwa.

Nakukiria jambo. Ukurasa wangu wa artemisinini ulikaa hadharani kwa miezi mingi ukisema kwamba Ge Hong aliagiza mmea uchemshwe. Niliandika hivyo bila kufikiri, kwa kuwa kichwani mwangu dawa ya majani ni dawa ya kuchemsha, na kwa neno hilo moja nikawa nimeiua habari nzima niliyokusudia kuisimulia. Mfamasia mmoja, mtu nisiyemjua, aliniandikia barua pepe ya mistari mitatu, ya heshima kabisa, akinionyesha kosa. Nilisahihisha, na chini ya ukurasa nikaandika tarehe na kosa lilivyokuwa. Dokezo hilo lingekuwa katika folda ya kompyuta yangu, ningekuwa nikilifundisha kosa hilo mpaka leo.

Yapo hata hivyo ambayo hayafai kutoka nje. Habari za watu wengine si zako kuzichapisha, hata kama ziliingia katika daftari lako kihalali. Data za utafiti ambazo wenzako hawajazitangaza, ziache ndani. Kurasa nzima ulizonakili kutoka vitabuni zina haki za wenyewe. Nukuu mistari michache, taja chanzo, kisha eleza kwa maneno yako, jambo ambalo ndilo litakalokusaidia hata kwenye mtihani. Na usione haya kuwa na kurasa za siri zinazokaa kwenye mashine yako tu, zikiwa na viungo vinavyoelekea kwenye zile za hadharani. Hakikisha tu kwamba viungo vya hadharani havielekei kwenye za siri, maana msomaji atabisha hodi kwenye mlango ambao hautafunguliwa.

SWALI: Tovuti yangu ina miaka minane. Juzi niliamua kuvipitia viungo vyake vya nje, nikakuta vingi vinaniletea namba 404, yaani ukurasa haupatikani. Nimekata tamaa. Je, inafaa kweli kujenga maarifa juu ya kitu kinachooza hivi?

JIBU: Kuoza huko kulikuwamo tangu siku ya kwanza, na kulikubaliwa kwa makusudi. Ted Nelson alitaka viungo vya pande mbili, yaani ukurasa unaoelekezwa ujue umeelekezwa na nani, na kiungo kisivunjike. Berners-Lee alichagua viungo vya upande mmoja, ili mtu yeyote aweze kuunganisha na ukurasa wowote bila kuomba ruhusa na bila mtunza orodha wa dunia nzima. Wavuti ulienea kwa sababu ya urahisi huo, hasa baada ya CERN kuutoa bure kwa watu wote tarehe 30 Aprili 1993, na kwa sababu ya urahisi huo huo kiungo hakijui kwamba mwenzake amefariki. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichunguza kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 na kukuta kwamba miaka kumi baadaye asilimia 38 hazipatikani tena. Hesabu yako basi si ya ajabu.

Gawa tatizo lako katika sehemu mbili, kwa kuwa moja iko mikononi mwako na nyingine haiko. Iliyo mikononi mwako ni anwani za kurasa zako mwenyewe. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na akashauri ziondolewe ndani yake habari zinazobadilika, kama vile hali ya ukurasa na aina ya programu inayouendesha. Anwani inayoishia na "artemisinini" itadumu. Inayoishia na "kemia/rasimu/artemisinini-mpya" itakuaibisha mara tatu, siku itakapoacha kuwa rasimu, siku itakapoacha kuwa mpya, na siku utakapogundua, kama Mwalimu wa barua ya kwanza, kwamba si ya kemia peke yake. Ukilazimika kuuhamisha ukurasa, acha kwenye anwani ya zamani kielekezo cha kumpeleka msomaji kwenye mpya.

Uwe pia na jina la kikoa, yaani jina kuu la anwani ya tovuti, lililo lako. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, mahali ambapo watu wengi sana walikuwa wamejenga tovuti zao za kwanza, na hata waliokuwa na nakala za mafaili yao hawakuweza kuziokoa anwani, kwa kuwa anwani hazikuwa zao. Ukiwa na jina lako unaweza kuhamisha mafaili kutoka seva moja kwenda nyingine na hakuna kiungo kitakachojua. Kumbuka tu kwamba jina la kikoa hukodishwa, halinunuliwi moja kwa moja, na usipolilipia kwa wakati linaweza kuchukuliwa na mwingine. Mafaili yenyewe yawe na nakala za akiba sehemu mbili zaidi, moja ikiwa nje ya jengo unamoishi.

Kuhusu kurasa za watu wengine, siku unapoweka kiungo uombe pia Internet Archive, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa mwaka 1996, ihifadhi nakala ya ukurasa huo. Huduma yake ya Wayback Machine, iliyo wazi kwa umma tangu 2001, hufanya hivyo bila malipo, nawe unaweza kuitaja anwani ya nakala kando ya ile ya asili. Halafu usitegemee kiungo kubeba hoja yako. Andika kwa sentensi moja au mbili kile ukurasa ule ulichosema, ili kiungo kikifa hoja ibaki na miguu yake.

Na hivyo ambavyo tayari vimekufa, usivifute. Viondolee ubofyaji, lakini acha jina la ukurasa, la aliyeuandika, anwani yake ya zamani na tarehe uliyousoma. Mwezi uliopita nilimpata mwandishi wa makala moja kwa habari hizo nne tu. Alikuwa ameihamishia kwenye tovuti yake mpya, na hakujua kwamba bado kulikuwa na mtu anayeitafuta.